Komba (mnyama)

Komba ni primati wadogo wa familia Galagidae wanaoishi mitini na kutafuta chakula usiku. Wanapatikana Afrika kusini kwa Sahara tu. Ni jamaa wa lemuri wa Madagaska: makundi yote mawili yana pua yenye unyevu, meno ya chini yaliyokaa kama chanuo, na ukucha mrefu wa kujikuna kwenye kidole cha pili cha mguu. Lemuri hawapo porini Afrika bara. Huku komba ndio wanaoonyesha vizuri jinsi mwili wa aina hiyo ulivyofaa maisha ya mitini.

Maumbile

Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, na mapaja yana misuli minene. Mifupa miwili ya kifundo, ukiwemo wa kisigino, imerefuka sana, hivyo mguu una kiungo cha ziada cha kujisukumia. Kabla ya kuruka komba hujikunja. Misuli na kano huweka nguvu kama upinde uliovutwa, kisha huiachia kwa mara moja. Komba mdogo wa jenasi Galago, mwenye uzito wa gramu 200 hivi, anaweza kuruka juu zaidi ya mita 2 kutoka aliposimama. Mkia mrefu humsaidia kukaa sawa hewani.

Vidole vina vifuto laini, na kidole gumba hukabiliana na vingine ili kushika tawi. Macho ni makubwa na nyuma yake lipo tabaka linalorudisha mwanga. Ndiyo maana hung'aa yakimulikwa kwa tochi. Kwa kuwa macho hayazunguki sana, komba hugeuza kichwa mpaka kuangalia mgongoni. Kila sikio huweza kusogea peke yake kufuata sauti ya mdudu, na hukunjwa komba anapopita kwenye miiba.

Chakula

Hula wadudu, matunda na utomvu wa miti kama migunga, ambao huukwangua kwa chanuo la meno. Pwani wanajulikana na wagema kwa kunywa tembo kwenye vibuyu vilivyotundikwa juu ya minazi.

Makazi na uhifadhi

Wilaya ya Gairo, mkoani Morogoro, ina nyika kavu na pia misitu yenye unyevu ya milima ya Ukaguru. Makazi haya mawili yana komba tofauti. Wale wa nyika huweza kushuka na kurukaruka ardhini kwa miguu miwili hadi mti unaofuata. Wale wa msituni hutegemea zaidi matawi yanayokaribiana.

Mfano ni komba wa milimani (Paragalago orinus), aliyeelezwa kisayansi mwaka 1936 kutokana na vielelezo vya milima ya Uluguru. Huishi katika misitu ya Milima ya Tao la Mashariki. Msitu ukikatwa katikati, shamba lililo wazi huwa kizuizi kwake: miguu iliyoumbwa kuruka kati ya matawi haimsaidii pasipo na matawi. Hali hiyo ilitokea Uluguru, ambako kilimo kilifungua pengo la Bunduki kati ya misitu ya kaskazini na ya kusini. Sasa misitu hiyo, pamoja na ile ya Bunduki, imo katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru. Miti ikirudi kwenye pengo hilo, wanyama wa pande mbili wanaweza kukutana tena.