Trakta ya mu ordinatere haichelewi



Siku moja ya magaribi tulikuwa tunakula bukari, mdogo wangu wa miaka 16 akaniuliza: "Yaya, chokaa banawekaka mu shamba juu ya nini?" Nilishangaa. Huyu ni mtoto ambaye kumwagilia tu lengalenga ya mama nyuma ya nyumba ni vita kila siku. Nikamuuliza alisikia wapi mambo ya chokaa. Akajibu: "Mu mchezo yako ya trakta."

Mchezo wenyewe unaitwa Farming Simulator. Uko mu ordinatere yangu ya okazio, ile niliyonunua kwa kuandika kazi ya mwisho ya lisansi. Nyumbani wengi wanaona ni kupoteza wakati. Mimi leo nataka kueleza mambo mawili. La kwanza, kwa nini michezo ya namna hii inazidi kupendwa duniani. La pili, namna gani mchezo huo ulinisaidia mimi mtu wa agronomia, na namna gani ulinipotosha mpaka nikala hasara ya dola za baba mdogo. Nitasema yote mawili, juu moja bila lingine itakuwa uongo.

Mchezo wa simulasio ni nini?

Michezo mingi inakuomba umshinde mtu: umpige risasi, umpite mbio, umfunge bao. Simulasio haihitaji adui. Inakupa kazi inayofanana na ya kweli, kama vile kurusha ndege, kuendesha lori, kupanga mji ao kulima, pamoja na masharti ya ile kazi. Ukikosea, unaona matokeo, kisha unaanza tena.

Mzizi wake ni mafunzo. Mu mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alitengeneza kibanda kidogo cha kufundishia marubani bila kutoka chini, na wakati wa vita ya pili ya dunia marubani wengi sana walipitia humo. Wazo lilikuwa rahisi: afazali uanguke mu kibanda kuliko kuanguka angani. Mu 1979 Bruce Artwick akaleta wazo hilo mu ordinatere ndogo ya Apple II. Mu 1982 Microsoft ikatoa Flight Simulator yake ya kwanza, na toleo la 2020 linatumia picha za satelite za dunia nzima, hata ukitaka unaweza kupita juu ya Lubumbashi yetu.

Ndege zilifungua njia, wengine wakafuata. Mu 1989 Will Wright alitoa SimCity, ambamo unakuwa meya: barabara, umeme, kodi, yote yako juu yako. Mu 2012 kampuni ya Prague, SCS Software, ilitoa Euro Truck Simulator 2. Kazi humo ni kubeba mizigo kwa lori kutoka mji mmoja kwenda mwingine, kuheshimu taa na kulipa mafuta. Ukimweleza dereva wa barabara ya Kasumbalesa kwamba kuna watu wananunua kazi yake ili wapumzike nayo jioni, atakucheka. Lakini ni kweli.

Farming Simulator inatoka Uswisi, kwa GIANTS Software, tangu 2008. Toleo la 22 lilitoka mwezi wa 11 wa mwaka 2021, na mu wiki ya kwanza liliuzwa kopi milioni 1.5. Lile la 25, lililotoka 2024, lilipita milioni 2 mu wiki ya kwanza. Tena huu ni mchezo wa kupanda ngano na kukama ng'ombe!

Kwa nini watu wanaipenda?

Ya kwanza, haina haraka. Unaweza kulima dakika 40, kufunga, na kurudi kesho. Hakuna anayekutukana kwamba umeangusha timu.

Ya pili, ordinatere inaruhusu kuongeza vitu. Watu wa kawaida wanatengeneza trakta mpya, ramani mpya, mazao mapya, na kuyagawa kwa wengine bure. Kwa hiyo mchezo hauzeeki haraka. Njo sababu moja simulasio zimeota mizizi zaidi ku ordinatere kuliko ku mashini zingine za michezo.

Ya tatu, mle ndani kazi inalipa. Unalima, unapanda, unavuna, unauza, na hesabu inapanda mbele ya macho yako. Mu maisha ya kweli watu wengi hawaoni jasho lao linaenda wapi. Kwangu mimi sababu hii ilikuwa na aibu kidogo. Nilimaliza lisansi, nikapeleka barua za kuomba kazi mpaka nikachoka kuzihesabu. Mu mchezo njo mahali pekee nilikuwa na kazi.

Kile mchezo ulinifundisha

Nilicheza sana toleo la 19. Kuanzia toleo hilo, shamba usiloweka chokaa linapunguza mavuno. Mu fakilte tulisoma hayo, lakini yalibaki mistari ya ubaoni. Mu mchezo nilisahau chokaa, nikavuna kidogo, nikapoteza pesa za uongo, na toka siku hiyo sijasahau tena.

Jambo hili linatuhusu kweli. Udongo wetu mwekundu wa Haut-Katanga kwa sehemu kubwa ni wa asidi. Asidi ikizidi, aluminiumu ya mu udongo inayeyuka na kuumiza mizizi. Fosfore nayo inashikwa na udongo, mmea haupati. Ndiyo maana mtu anaweza kununua NPK 10-20-10 kwa pesa nyingi, akaitupa shambani, na mahindi yakabaki na majani ya rangi ya zambarau. Chokaa inapunguza asidi, na mbolea inapata nafasi ya kufanya kazi. Mdogo wangu alielewa haya kwa dakika tano, sababu alikuwa tayari amevuna kidogo mu mchezo.

Mchezo unafundisha pia kwamba shamba ni hesabu. Kabla ya kununua mashini, unapiga hesabu ya mafuta, mbegu, mbolea na bei ya soko. Kijana anayejifunza kuuliza "hii itanirudishia ngapi?" amepata kitu.

Kile mchezo ulinificha

Sasa tuje ku hasara. Mwaka mmoja baada ya lisansi, baba mdogo alinikabizi hektari 2 upande wa Kipushi. Alisema: "Agronomu, tuonyeshe sasa ile ulisomea." Akatoa dola 600. Nilitengeneza mpango muzuri sana, na meza za hesabu: hektari zote 2 mahindi, mbegu bora, kulima kwa trakta ya kukodi, mavuno ya tani 4 kwa hektari.

Trakta tuliahidiwa tarehe 25 ya mwezi wa 11. Mwenyewe alikuwa na trakta moja na wateja wengi, na wenye mashamba makubwa walipita mbele. Kila wiki nilipiga simu, kila wiki ilikuwa "kesho kutwa". Baba mdogo aliniambia tutafute watu wa lukasu tuanze hata nusu hektari. Mimi nikakataa. Nilisema kulima kwa mkono itaharibu mpango. Trakta ilifika tarehe 6 ya mwezi wa kwanza. Tulipanda tarehe 9.

Kila mukulima wa hapa anajua kilichofuata. Mahindi yetu yalitoa maua katikati ya mwezi wa tatu. Mvua ilikata mwisho wa mwezi huohuo, wakati mbegu zinaanza kujaa. Na viwavi, wale wa jeshi walioonekana Afrika mu 2016, walikuwa wameshakula majani mapema, sababu shamba letu njo lilikuwa bado laini wakati ya wengine yamekomaa. Tulivuna mifuko 41 ya kilo 50. Ni kama tani 2 kwa hektari 2. Nilikuwa nimeandika tani 8.

Siwezi kusema mchezo ulinilazimisha. Tarehe ya kupanda nilisoma, mtihani wake nilipita. Lakini mu toleo la 19, jinsi lilivyotoka, miezi haikuweko: unapanda siku unayotaka, na mahindi yanaota. Majira yaliingia mu toleo la 22. Trakta ni yako, inakungoja usiku na mchana, na mfanyakazi unamuita kwa kubonyeza kitufe kimoja. Masaa mengi ya kucheza namna hiyo yalinizoeza kuona trakta kama mwanzo wa kilimo, na tarehe kama kitu kinachoweza kungoja.

Baadaye nilikaa nikaandika vitu vingine ambavyo havimo:

Udongo. Mu mchezo unabonyeza, unalipa, shamba ni lako, mipaka imechorwa. Kwetu sheria ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na wakati huohuo huwezi kuanza kulima bila kumuona chifu wa mahali. Kazi hii peke yake inaweza kula wiki kazaa.

Barabara. Mle lori inafika ku soko siku zote. Hapa mvua moja inafunga njia, na bei unayouzia inategemea kama gari ilipita.

Magonjwa na wadudu. Magugu yamo, viwavi havimo. Ukame pia hauui mahindi. Mvua kazi yake kubwa ni kuzuia kombaini kuvuna.

Muhogo. Mu orodha ya mazao ya mchezo wenyewe kuna ngano, shayiri, viazi, miwa, pamba. Muhogo, unaotulisha sombe na bunga, hakuna.

Watengenezaji hawakufanya kosa. Waliigiza mashamba wanayoyajua, ya Ulaya na Marekani, ya mashini nyingi na watu wachache. Kila simulasio inachagua nini iingie na nini ibaki inje. Hatari ni sisi kusahau kwamba kuna vitu vilibaki inje.

Kuna simulasio ya kazi pia

Baada ya ile hasara nilirudi ku programu tuliyoonyeshwa haraka-haraka mu fakilte: AquaCrop, ya FAO, iliyotoka 2009. Ni ya bure, na haihitaji mashini ya nguvu. Haina trakta wala rangi nzuri. Unaiingizia mvua na joto la kila siku, aina ya udongo, zao na tarehe ya kupanda. Inahesabu siku kwa siku: maji gani yameingia mu udongo, gani yametoka, majani yamefunika udongo kiasi gani. Mwishoni inakupa uzito wa mavuno. Kuna pia DSSAT, yenye mazao zaidi ya 40, na muhogo umo.

Mvua nilichukua ku NASA POWER, ambako takwimu za kila siku ni za bure. Haziwezi kushinda kipimo cha mvua kilichosimama shambani, lakini zinatosha kuanza. Niliendesha mwaka wetu kwa tarehe mbili, udongo uleule, mbegu ileile: tarehe 1 ya mwezi wa 12, na tarehe 9 ya mwezi wa kwanza. Mu ile ya kwanza maua yanaangukia mwezi wa pili, mvua ikiwa nyingi. Mu ya pili mstari wa maji unashuka chini kabla mbegu hazijajaa. Ilikuwa picha ya shamba letu. AquaCrop nayo haijui viwavi, wala mwenye trakta. Lakini swali la tarehe ililijibu wazi, na bila kula dola hata moja.

Nilimpelekea baba mdogo ule mchoro. Aliangalia muda mrefu, akacheka kidogo, akasema: "Mwana yangu, ile mustari ni mvua? Basi minaijua. Mahindi haingojake trakta."

Sikuwa na cha kujibu. Deni lake namlipa kidogo-kidogo. Kampanye iliyofuata alinipa hektari 1 tu. Tulianza na watu wa lukasu, trakta kama itakuja ije. Tulipanda tarehe 2 ya mwezi wa 12, na robo ya shamba tukaweka muhogo.

Kwa hiyo?

Wazazi walio na mtoto anayecheza simulasio, musimufukuze mara moja. Mumuulize: mu mchezo huu kitu gani cha kwetu hakimo? Hilo swali njo nilikosa kujiuliza. Mwenzangu agronomu, kabla ya kuweka pesa ya mtu mu udongo, endesha mwaka wako mu AquaCrop, kisha peleka majibu kwa mzee anayelima pale. Umsikilize mpaka mwisho.

Na ninyi wa informatiki: programu ya kutengeneza ramani za Farming Simulator, GIANTS Editor, ni ya bure. Siku moja nataka kuona ramani ya njia ya Kipushi, na vichuguu vyake, muhogo wake, mvua inayokata mwezi wa tatu, na trakta moja kwa mashamba kumi. Mambo ya udongo na kalenda nitaleta mimi. Mdogo wangu ameshasema ako tayari kuijaribu, baada ya kumwagilia lengalenga ya mama.