Mgeni na Mfuko wa Afya Korea Kusini

Ndugu askari, kila mmoja wetu aijua zamu: mtu hukesha hata usiku ambao adui hatokei. Bima ya afya nayo ni zamu. Mwenye afya huchanga ili mgonjwa atibiwe.

Korea Kusini ilikamilisha kueneza bima hiyo kwa raia wake mwaka 1989. Tangu Julai 2019, mgeni akaaye huko miezi 6 au zaidi, kwa kawaida hulazimika kujiunga. Aliyeajiriwa hukatwa nusu ya mchango mshaharani. Nusu ya pili hulipwa na mwajiri. Mwenye deni huweza kunyimwa nyongeza ya muda wa ukaaji.

Baadhi ya wenyeji walinung'unika kwamba jamaa za wageni huja kutibiwa tu, kisha hurejea makwao. Ndipo Aprili 2024 serikali ikaamuru jamaa hao wakae miezi 6 kwanza. Mke, mume na watoto wadogo wakasamehewa sharti hilo.

Hata hivyo, kwa miaka kadhaa michango ya wageni wote ilizidi gharama za matibabu yao. Basi twasema: lango na lilindwe, lakini aliyetimiza zamu yake asiitwe kupe.