Kumiliki na Kushika: Maneno Mawili ya Kupambanua

Watu wa pwani, tangu Mkinga hata Pangani, husema "shamba langu", "cheo changu", "kazi yangu", na neno hilo la mwisho halielezi kitu ni cha mtu kwa njia gani. Asemaye "shamba langu" huenda amelinunua, au amelirithi, au ameliazima msimu mmoja apande mihogo. Siku za amani tofauti haionekani. Huonekana siku ya mauti au ya ugomvi, ndipo mjane humjia mwalimu na karatasi mkononi ili asomewe. Basi yatupasa sisi tusomao kupambanua maneno mawili, kumiliki na kushika.

Kumiliki latokana na Kiarabu. Mwenye milki aweza kuuza, kutoa zawadi, kuweka rehani na kurithisha. Kushika ni kuwa na kitu mkononi kwa idhini ya mwingine, kwa muda na kwa sharti. Aliyeshika si mwivi, wala si mwenyewe. Haki yake ni ya kweli, ila ina mpaka.

Desturi ya pwani yaonyesha jambo hili vizuri katika minazi. Mti na udongo vyaweza kuwa na wenyewe wawili: huyu auza minazi yake au kuiweka rehani, na ardhi iliyo chini yake isiuzwe. Kwa sababu hiyo aliyeazimwa shamba huruhusiwa kupanda mtama, mpunga na mihogo, mazao ya msimu, lakini hukatazwa kupanda mnazi, mwembe au mkorosho. Maana mti hudumu kuliko ahadi ya mdomo, na wajukuu wa aliyeupanda watakuja kudai. Katazo hilo si uchoyo; ni njia ya wazee ya kulinda mpaka kati ya kushika na kumiliki.

Serikali nazo zilikuja na mipaka yao. Amri ya Wadachi ya mwaka 1895 ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Serikali yao. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 iliiweka ardhi chini ya Gavana, na mtu akapewa haki ya kuikaa, isiyozidi miaka 99. Shina hilo halikung'olewa. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, naye Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia wote.

Hapa lugha yaweza kutupoteza. Karatasi atoayo Serikali huitwa hatimiliki, na msikiaji hudhani amepewa milki. Kumbe sheria humpa haki ya kukaa na kutumia, kwa miaka isiyozidi 99. Haki ya kimila kijijini yaweza kuwa haina ukomo wa miaka, lakini nayo ina masharti: shamba lisilotumiwa miaka 5 au zaidi laweza kuhesabiwa kuwa limeachwa. Tena sheria hiyo hiyo hubatilisha mila imnyimayo mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke. Mjane asiyesomewa neno hilo aweza kuondoka shambani kwa kuogopa sauti za mashemeji tu.

Katika vyeo neno ni kushika, na lugha yenyewe yakiri: twasema "ameshika madaraka", hatusemi "ameyamiliki". Jumbe wa zamani alivikwa kilemba kwa sababu ya ukoo wake. Akida wa wakati wa Wadachi aliwekwa kwa amri na mshahara, akaondolewa kwa amri. Vyeo vya machifu vikafutwa mwaka 1963. Leo Rais hushika miaka 5, na tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984 hapiti vipindi viwili. Kiti hubaki, mkaaji huondoka.

Katika kazi, neno kibarua ni barua ndogo: cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku, akakirudisha alipolipwa. Haki yake ilikuwa ndefu kama cheti chake. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga kilikuwako kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Zisipotimia, mshahara haukutolewa. Aliyeajiriwa kwa kudumu ameshika zaidi, maana haondolewi bila sababu na bila kusikilizwa. Lakini hata yeye hawezi kumrithisha mwanawe kazi hiyo.

Basi mwalimu aletewapo karatasi aulize maswali matatu: Ni nani aliyetoa? Ni kwa muda gani? Ni jambo gani litakaloikomesha haki hii? Majibu yakipatikana, ayaeleze wazi kwa mwenye karatasi, na mashahidi wasikie.

Mapadre hawatakosa maneno ya kufundishia. Katika Torati nchi haikuuzwa kabisa kabisa, maana watu walikuwa wageni kwa Mungu. Na katika Injili ya Luka wakili aliitwa atoe hesabu ya mali isiyo yake. Lakini fundisho hilo lisitumike kumnyamazisha aliyedhulumiwa. Wakili naye ana haki ya kuishika amana yake hata siku ya hesabu, wala asinyang'anywe na jirani mwenye nguvu.