Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Nyumba ya Wageni Isiyochafua Ziwa



Shangazi yangu ana nyumba ndogo ya wageni, vyumba vinne, huku kwetu Keshero upande wa kushukia ziwani. Wageni wake si watalii. Ni mama mchuuzi aliyekosa boti ya kurudi Minova, ni familia iliyokuja kwa ndoa au kwa kilio, ni mwanafunzi anayesubiri mtihani. Kwa miaka mingi alijivunia jambo moja: choo chake hakijai. Fundi aliyekichimba alikutana na mwanya katika jiwe la volkano, akamwambia, "Mama, una bahati. Hapa hutalipa mtu kuja kukitapisha."

Nilikuwa nikicheka naye, hadi siku niliyofundisha watoto wa mwaka wa saba safari ya maji ya mvua. Nikawaeleza kwamba mji wetu umekaa juu ya lava, na lava ina nyufa, kwa hiyo maji hayakai, yanapita. Mtoto mmoja akanyosha mkono: "Madamu, choo cha kwetu hakijai. Vile vitu vinakwenda wapi?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Vinashuka. Chini yetu kuna ziwa, na ziwani kuna watoto wenye bidoni.

Naandika haya kwa sababu baadhi yetu katika AVEC wanapendekeza akiba itumike kujenga vyumba vya wageni. Ni wazo zuri. Ila tuseme ukweli kabla ya kununua tofali la kwanza: kipindupindu tunakijua. Wenye umri wanakumbuka Julai 1994, maelfu ya watu walivyokufa hapa. Mgeni analala siku mbili anaondoka. Anachoacha, sisi ndio tunabaki nacho.

Kisiwa kilicho kama sisi

Nilijiuliza: je, kuna wengine wanaoishi juu ya jiwe, bila kisima, na bado wanapokea wageni? Wapo. Karibu na mji wa Zanzibar kuna kisiwa kidogo kinaitwa Chumbe. Kimeota juu ya jiwe la matumbawe, nalo lina matundu kama lava yetu. Hakina chemchemi wala mto. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar iliyafanya matumbawe yake kuwa hifadhi, na tangu 1998 kisiwa kinapokea wageni katika nyumba saba tu. Fedha za wageni ndizo zinazolipa walinzi, ambao baadhi yao walikuwa wavuvi, na ndizo zinazosaidia kuwaleta wanafunzi kujifunza.

Waliojenga pale walijua kwamba uchafu wowote utakaoingia kwenye jiwe utafika baharini na kuua matumbawe. Kwa hiyo kila paa linakinga mvua, maji yanachujwa kwa mchanga na kokoto, kisha yanaingia katika tangi chini ya nyumba. Jua linapasha maji ya kuoga. Maji yaliyooga mtu yanapelekwa kwenye vitalu vya mimea. Na vyoo havitumii maji kabisa.

Sisi si Chumbe, na wageni wetu hawana fedha za watalii. Lakini jiwe ni lile lile. Hebu tuone kinachowezekana hapa.

Choo kwanza

Choo cha kukausha hakihitaji shimo. Kinajengwa juu ya ardhi, na kwetu hilo ni faida, maana kuchimba lava ni kuvunja mgongo na mfuko. Unajenga vyumba viwili vya saruji chini ya sakafu, vyenye mlango mdogo nyuma na bomba la kutoa hewa juu ya paa. Kinatumika kimoja. Kila mtu akimaliza anatia kopo la majivu au majani makavu. Mkojo unaelekezwa kwenye bidoni yake, usichanganyike. Cha kwanza kikijaa kinafungwa, unahamia cha pili. Huku kwetu kuna baridi kidogo, kwa hiyo ngoja mwaka mzima au zaidi kabla ya kufungua. Kinachotoka kinafanana na udongo. Kitie chini ya migomba au miti, si kwenye lenga-lenga za kuliwa.

Majivu tunayo kila siku katika mbabula. Tulikuwa tunayatupa.

Mvua ya Nyiragongo

Hesabu hii nawapa watoto darasani: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni litre moja ya maji. Paa la mita 8 kwa 10 ni mita 80 za mraba. Ikinyesha milimita 10, ni litre 800. Toa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki litre 640, yaani bidoni 32 za litre 20. Ni mvua ya mchana mmoja tu! Ni bidoni 32 ambazo hakuna binti atakayezibeba kichwani, wala hutamlipa mtu wa chukudu.

Lakini hapa tunaachana na Chumbe. Mvua yetu inapita katika moshi wa volkano, inachukua asidi na madini yanayoitwa floridi. Mmeona watoto wenye madoa ya kahawia kwenye meno, hasa upande wa Rusayo na Sake: floridi nyingi katika maji ni sababu mojawapo. Na kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo maji ya paa ni ya kufulia, kupangusa na kuoga. Acha mvua ya kwanza ioshe mabati kabla ya kuelekeza maji kwenye tangi. Ya kunywa na kupikia yawe ya bomba yaliyotiwa klorini, nawe uyachemshe. Andika kwenye tangi kwa herufi kubwa: SI YA KUNYWA. Mgeni hajui.

Maji ya kuoga na ya sahani

Usiyaachie njia yaende ziwani. Tengeneza kitalu: tandika chini saruji au shiti nzito, jaza yale mawe madogo ya volkano tunayoyalaani kila siku, weka udongo juu, panda migomba na magimbi. Maji yaingie taratibu upande mmoja. Mizizi inakunywa, mawe yanachuja. Shangazi alianza na migomba mitatu nyuma ya bafu.

Moto

Sehemu kubwa ya makala ya Goma inatoka katika misitu ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925. Kila gunia tunaloliokoa ni miti inayobaki, na ni franka zinazobaki. Loweka maharagi usiku kucha. Asubuhi yachemke nusu saa, kisha sufuria iingie katika kikapu kilichojazwa nguo kuukuu, ifunikwe vizuri kwa saa kadhaa. Irudishwe motoni kidogo kabla ya kupakua. Jiko lililoboreshwa lipewe nafasi ya mbabula ya chuma. Ambao wana umeme wa Matebe, mtambo wa Rutshuru ulioanza mwaka 2015, wapige hesabu wakilinganisha na gunia.

Na maji ya moto ya kuoga? Pipa lililopakwa rangi nyeusi, likae juani juu ya mawe tangu asubuhi. Jioni mgeni hapati maji yanayochemka, anapata maji yasiyomtetemesha.

Mezani

Sambaza za ziwani, sombe, viazi vya Masisi, ndizi za kitaluni: chakula hiki hakiji na plastiki. Mpe mgeni maji ya kunywa yaliyochemshwa, katika jagi lenye kifuniko, badala ya chupa na sashe. Waliovuka kwenda Gisenyi wanajua Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki tangu 2008, na soko halikufa. Vikapu vilirudi.

Shangazi alifanyaje?

Kwanza alikataa. "Wageni watasema nimewapeleka kijijini kwa bibi." Nilimwuliza swali la yule mtoto. Alinyamaza siku mbili, kisha akaniambia niende na daftari.

Haikuwa rahisi. Choo kilimeza zamu yake mbili za likelemba, na chumba kimoja kilikaa bila kitanda miezi mitano. Mgeni mmoja aliona kopo la majivu akachukua begi lake akaenda. Wengine waliuliza kwa nini hakuna harufu. Ule mwanya wa jiwe aliuziba kwa saruji, mwenyewe akiwa amesimama juu ya fundi. Leo anachojivunia ni migomba yake.

Ndiyo maana naomba jambo moja kwa kikundi chetu. Kwenye bajeti ya vyumba, choo kiandikwe mstari wa kwanza, kabla ya rangi, pazia na televisheni. Kama akiba inatosha vyumba viwili vyenye choo salama, tujenge viwili. Vinne vyenye choo kisichojaa tuviache.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa kwanza ni yule mtoto anayeshuka ziwani na bidoni kila asubuhi. Tukikutana juma hili, njooni na kalamu, tupige hesabu ya mapaa yenu.