"Usafirishaji wa bure" wa vitu vya kuchezea una mlipaji wake

UNUNUZI wa vitu vya kuchezea watoto kwa njia ya intaneti huwavutia wazazi wengi wa mijini, hususan zinapokaribia sikukuu za Idi na Krismasi, wakati tovuti za biashara zinapotangaza punguzo kubwa la bei pamoja na usafirishaji wa bure. Hata hivyo, bei iliyoandikwa chini ya picha mara nyingi siyo itakayotoka mfukoni mwa mnunuzi.

Chanzo cha tofauti hiyo ni umbo la bidhaa yenyewe. Vitu vingi vya kuchezea ni vyepesi, lakini hula nafasi. Kwa kuwa nafasi ndani ya ndege ina thamani sawa na uzito, kampuni za kusafirisha vifurushi hupima mzigo mara mbili: uzito wa mizani na uzito wa ujazo, kisha hutoza kwa ule ulio mkubwa. Kanuni inayotumiwa sana ni kuzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, halafu kugawanya kwa 5,000.

Chukua mfano wa nyumba ya mwanasesere ya plastiki iliyomo katika boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 30. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 60,000, ambazo zikigawanywa kwa 5,000 ni kilo 12. Hata kama mizani inaonyesha kilo tatu tu, mteja hulipia kilo 12. Iwapo kila kilo inatozwa dola 6, gharama hupanda kutoka dola 18 hadi 72. Punguzo la asilimia 30 kwa kitu cha dola 40 ni dola 12 tu, nazo haziwezi kufidia pengo hilo.

Kwa njia ya meli, mawakala wa mizigo hutoza kwa mita ya ujazo, na boksi hilo huchukua mita 0.06 tu. Gharama hupungua, lakini safari huchukua wiki kadhaa, hivyo haimsaidii anayeagiza zawadi ya Krismasi mwezi Desemba.

Ahadi ya usafirishaji wa bure nayo ina hesabu yake. Muuzaji humlipa msafirishaji kama kawaida, kisha huifidia fedha hiyo kwa kuipandisha bei ya bidhaa au kwa kuweka kiwango cha chini cha manunuzi. Mwaka 2002 kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kwa kiwango cha dola 99, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imekishusha hadi dola 25. Kiwango cha namna hiyo humshawishi mnunuzi kuongeza asichokihitaji. Mwenye kitu cha dola 28 na gharama ya usafirishaji ya dola 6 angelipa dola 34. Akiongeza cha dola 9 ili avuke kiwango cha dola 35, hulipa dola 37.

Mzigo huo umewahi kuwaelemea hata wauzaji. Kampuni ya eToys ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1997, ilijenga maghala makubwa kwa matarajio ya mauzo ambayo hayakufikiwa, ikafilisika mwaka 2001. Mwaka 2000 wauzaji saba wa mtandaoni nchini humo, ikiwemo Toysrus.com, walikubali kulipa faini ya jumla ya dola milioni 1.5 kutokana na ucheleweshaji wa bidhaa katika msimu wa sikukuu wa mwaka 1999.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, hesabu haiishii uwanja wa ndege. Upo ushuru wa forodha, na ipo Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, ambayo ni asilimia 16 nchini Kenya na asilimia 18 Tanzania Bara. Aidha, kitu kikifika kimevunjika, gharama ya kukirudisha yaweza kuzidi bei yake.

Ndiyo maana bei ya dukani Kariakoo au Kamukunji, ambayo huonekana kubwa kuliko ya mtandaoni, haina budi kulinganishwa kwa uangalifu. Mfanyabiashara anayeleta kontena zima hugawa gharama za meli kwa maelfu ya bidhaa, na bei yake tayari imebeba usafiri na kodi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anapaswa kuuliza vipimo vya boksi, kuomba bidhaa kadhaa zifungwe pamoja, na kujumlisha bei, usafirishaji na kodi. Jumla hiyo ndiyo bei ya kulinganisha na ya dukani.