Nani Amemfungulia Mlango Mpiga Picha?

Tarehe 23 Septemba 2014, siku 10 baada ya kumshinda Marcos Maidana kwa mara ya pili, bondia Floyd Mayweather aliitwa mbele ya tume inayosimamia ndondi katika jimbo la Nevada, Marekani. Hakuitwa kwa sababu ya pigano. Aliitwa kwa sababu ya kipindi cha televisheni. Katika mfululizo wa All Access wa kituo cha Showtime, watazamaji walikuwa wameonyeshwa vijana wawili wakitwangana ndani ya gym yake kwa dakika 31 mfululizo bila kupumzika, kisha wanawake nyumbani kwake wakivuta kitu kilichofanana na bangi. Wasimamizi wakauliza: usalama wa vijana wale uko wapi? Mayweather akajibu kwamba walipumzika, ila mapumziko hayakuonyeshwa. Na bangi ile haikuwa bangi. Ilikuwa burudani tu ya kuuza pigano. Tume ikaridhika, naye akaenda zake.

Hakuna somo la uhariri wa filamu lililo fupi na wazi kuliko kikao kile. Mwenye kipindi mwenyewe, akihofia leseni yake, aliwaambia wakubwa kwamba yaliyoonyeshwa kama maisha ya nyuma ya pazia yalikuwa pazia jingine.

Vipindi vya namna hii vinapendwa sana, hata huku kwetu Kericho na Bomet, Kenya, ambako kijana mwenye bando la wikendi anaweza kuvitazama kwenye simu akingoja mvua ya mchana ipite. Vimetengenezwa kwa ustadi mkubwa, wala siwaambii watu waviache. Lakini ni vizuri kujua vinavyopikwa.

Umbo lake la leo lilipatikana mwaka 2007. Kituo cha HBO kilikuwa na pigano la kuuza, Oscar De La Hoya dhidi ya Mayweather, lililopangwa kufanyika Las Vegas tarehe 5 Mei. Tarehe 15 Aprili kikaanza kurusha 24/7, mfululizo wa vipindi 4 uliosimuliwa kwa sauti ya mwigizaji Liev Schreiber. Kamera kuingia kambini halikuwa jambo jipya. Jipya lilikuwa kasi: yaliyopigwa picha wiki hii yanahaririwa na kurushwa wiki hii hii, hata mtazamaji anajiona anaishi na mabondia hao mpaka usiku wa pigano. Tena kisa kilikuwepo tayari. Baba mzazi wa Mayweather ndiye aliyekuwa mkufunzi wa De La Hoya. Wakashindwana kuhusu malipo, De La Hoya akamchukua Freddie Roach, na mzee akabaki katikati, kati ya mwana aliyekosana naye kwa miaka na mwanafunzi aliyemwacha. Mtunzi wa tamthilia angeomba nini zaidi? Pigano lile lilinunuliwa mara milioni 2.4 hivi, rekodi ya wakati huo. Mayweather alishinda kwa kura za majaji wawili dhidi ya mmoja.

Sasa angalia mpango wenyewe. Kituo kilichotengeneza kipindi ndicho kilichokuwa kikiuza pigano. Bondia aliyefungua mlango wa nyumba yake alikuwa na fungu katika mauzo. Promota naye alikuwa na lake. Katika nyumba hiyo yote hakuna hata mmoja aliyepata hasara mtazamaji akisisimka. Hiyo haina maana kwamba walidanganya. Maana yake ni kwamba kila mwenye uwezo wa kufunga mlango alikuwa na sababu ya kuufungua kwenye chumba fulani na kuuacha umefungwa kwenye kingine.

Halafu picha zinafika kwa mhariri kama mimi. Mhariri ana saa nyingi za picha na dakika chache za kujaza. Bondia anatazama dirishani, amenyamaza. Huenda anafikiria chakula cha jioni. Nikiweka mara tu baada ya hapo picha ya mpinzani wake akipiga gunia, kisha muziki wa chini, wewe nyumbani utaapa kwamba umeona hofu. Sijabuni kitu. Picha zote mbili ni za kweli. Kilichobuniwa ni ujirani wao. Na zile dakika 31 za gym ya Mayweather, kama maelezo yake kwa tume ni sahihi, zilipatikana kwa njia rahisi kuliko hiyo: unakata mapumziko, basi.

Inawezekana kufanya kazi hii kwa namna nyingine, na mfano bora ulipigwa picha hapa Afrika. Mwaka 1974 mtengenezaji filamu Leon Gast alikuwa Kinshasa na kamera zake kwa ajili ya tamasha la muziki lililoandaliwa pamoja na pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pigano likasogezwa kutoka 25 Septemba hadi 30 Oktoba, na kwa zaidi ya wiki tano mabondia wakawa hawana pa kwenda. Ali akawa anazungumza, anatembea, anakimbia na watoto wa mitaani. Uzuri wa filamu ile, When We Were Kings, umetoka katika kungoja kule. Lakini fedha na umiliki vikazua migogoro, na filamu haikutoka hadi 1996. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Miaka 22! Hakukuwa tena na tiketi ya kuuza, na nadhani ndiyo sababu filamu ile inapumua kwa utulivu ambao 24/7 haiwezi kuwa nao.

Wanariadha wa nyanda zetu pia wanaujua mpango huu wa muuzaji kushika kamera. Jirani yetu wa Nandi, Eliud Kipchoge, alipokimbia marathoni kwa saa 2:00:25 kwenye uwanja wa magari wa Monza tarehe 6 Mei 2017, jaribio lilikuwa la Nike, na filamu iliyofuata ya National Geographic ilitengenezwa kwa ushirikiano na Nike hao hao. Ni filamu nzuri. Viatu vinaonekana vizuri pia.

Hadi hapa nimezungumzia kamera iliyoalikwa. Ipo ya pili, ambayo haikualikwa, na mfano wake mkubwa wa karibuni hatuhitaji kwenda Las Vegas kuutafuta.

Anayejua mashamba makubwa ya chai kati ya Kericho na Bomet anajua kwamba ni miji yenye geti. Nyumba ya mfanyakazi ni ya kampuni. Zahanati ni ya kampuni, na mara nyingi shule pia. Mpiga picha akibisha hodi rasmi atapokewa kwa heshima, atapewa afisa wa kumtembeza, na ataonyeshwa kitalu cha miche, kiwanda kilichooshwa sakafu, na wachumaji waliovaa aproni safi wakitupa majani kapuni. Atarudi na picha za kupendeza, na mimi nitazihariri vizuri. Hazitakuwa za uongo. Zitakuwa All Access ya chai.

Februari 2023 BBC ilirusha uchunguzi wake, kazi ya pamoja ya vipindi vyake vya Africa Eye na Panorama. Zaidi ya wanawake 70 waliowahi au waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba yaliyomilikiwa kwa miaka na kampuni mbili, Unilever na James Finlay, waliiambia BBC kwamba walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Mwandishi mwanamke, akitumia jina lisilo lake, akaomba kazi kama muomba kibarua mwingine yeyote, akiwa na kamera iliyofichwa. Picha zikaonyesha wanaume wenye uwezo wa kutoa kazi wakimshinikiza. Mahojiano ya kazi kwa mmoja wao yaligeuka kuwa ya ndani ya chumba cha hoteli.

Kampuni zilisema zimeshtushwa na zikawasimamisha wahusika. Starbucks ikasitisha ununuzi wa chai kutoka James Finlay Kenya. Bungeni Nairobi wabunge wakataka uchunguzi. Unilever ilikuwa imekwisha kuuza biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC mwaka 2022, na mashamba ya hapa yamezidi kubadilisha wenyewe: ya Finlay yalinunuliwa na kampuni ya Browns ya Sri Lanka mwaka 2023, huku asilimia 15 ikienda kwa ushirika wa wenyeji, na yale yaliyokuwa ya Unilever yakaelekea kwa Browns hao hao mwaka 2024.

Kinachonikera ni tarehe nyingine. Mwaka 2011 shirika la utafiti la Uholanzi, SOMO, lilichapisha ripoti kuhusu chai ya Unilever iliyokuwa na cheti cha uzalishaji endelevu, na malalamiko ya unyanyasaji wa kingono Kericho yalikuwa ndani yake. Kwenye karatasi. Kampuni ikajibu, hatua zikatangazwa, na miaka 12 ikapita kabla ya kamera ndogo kufanya habari ile ile iwe ya dharura. Wanawake wale hawakuwa wameanza kusema ukweli mwaka 2023. Walikuwa wameusema. Kilichopungua ni sura ya mtu aliyesimama mbele yao.

Mbona basi tusitumie kamera za siri kila mahali? Kwa sababu ni silaha, na wahariri wenye akili wanaiogopa. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 31, inamhakikishia kila mtu faragha yake, hata mtu usiyempenda. Miongozo ya BBC yenyewe hairuhusu mwandishi kuingia na kamera ya siri kwa kubahatisha: lazima kwanza kuwe na ushahidi wa awali dhidi ya anayechunguzwa, jambo liwe la maslahi ya umma, na wakubwa waidhinishe. Kericho ushuhuda wa wanawake wengi ulikuwepo kabla ya kamera. Bila ushuhuda huo, mwanamke mmoja aliyetumwa chambo angekuwa kisa kimoja cha mwanamume mmoja, na kampuni ingesema, kwa haki kiasi, kwamba samaki mmoja ameoza.

Kamera ya siri nayo ina upofu wake. Inaona anachokielekea mwenye kuivaa, kwa pembe mbaya, kwa dakika chache. Haikuonyeshi mshahara wa kilo moja ya majani, wala jinsi ajira za muda zinavyompa msimamizi mamlaka ya kuamua nani atakula mwezi ujao, ingawa hapo ndipo mzizi ulipo. Hayo yanataka filamu ya kukaa, ya aina ya Softie ya Sam Soko, iliyomfuata mwanaharakati Boniface Mwangi na familia yake kwa miaka na kutuzwa kwa uhariri wake kwenye tamasha la filamu la Sundance mwaka 2020. Filamu ya kukaa namna hiyo ndani ya laini za nyumba za wafanyakazi wa chai ningependa kuihariri kabla sijastaafu. Mtu wa kuifungulia geti bado simwoni.

Kwa hiyo ninapotazama kipindi chochote cha nyuma ya pazia, cha ulingoni au cha shambani, naanzia mwisho. Nasoma majina yanayopita kwa haraka: nani kalipa, nani kashukuriwa, nani katajwa kuwa mtayarishaji mkuu. Bondia akiwa mtayarishaji wa filamu inayomhusu, najua nani alikuwa na kisu cha kukatia. Kisha nauliza chumba ambacho kamera haikuingia. Katika vipindi vya ndondi mara nyingi ni chumba cha daktari na chumba cha mikataba. Sisi Wakenya tuna sababu ya kuuliza kuhusu hicho cha daktari. Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988 kwa kumwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa, alifariki Las Vegas mwaka 1994 kutokana na majeraha ya pigano, akiwa na umri wa miaka 26.

Neno la mwisho ni kwa anayeweza kuwa upande wa pili wa kamera, maana watu wa filamu wanazidi kupanda huku kutafuta wakimbiaji, wachumaji na mandhari ya kijani. Ukiletewa fomu ya kukubali kupigwa picha, usiitie sahihi ukiwa umesimama shambani na kapu mgongoni. Omba nakala iliyo katika lugha unayoisoma. Uliza nani analipia kazi hiyo, itaonyeshwa wapi, na kama unaweza kujitoa kabla haijarushwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwaje, ingawa uandishi wa habari una nafuu yake kwa masharti. Na kama una jambo la kusema ambalo linaweza kukugharimu kazi au nyumba, dai uso na sauti vifichwe, na dai hilo liandikwe kwenye fomu kabla kamera haijawashwa.