Je, Wajua? Saratani za Korodani na Ovari

1. Korodani na ovari zina asili moja. Katika wiki za mwanzo za mimba, tezi za uzazi za mtoto si za kike wala za kiume. Huanza kuachana karibu na wiki ya saba. Undugu huo huonekana hata katika ugonjwa: saratani ya korodani iitwayo seminoma na ile ya ovari iitwayo disjeminoma hufanana mno zikitazamwa kwa hadubini.

2. Umri ndio unaozitenga. Saratani ya korodani huwaandama zaidi vijana wa miaka 15 hadi 40, na karibu zote huanzia kwenye seli zinazozaa mbegu. Ya ovari huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na aina yake inayoonekana zaidi mara nyingi huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi.

3. Kipimo cha mimba chaweza kusoma “ndiyo” kwa mwanamume. Baadhi ya uvimbe wa korodani hutoa hCG, homoni ileile ya ujauzito, na daktari huipima kwenye damu.

4. Uvimbe wa korodani kwa kawaida hauchomwi sindano ili kuchukua kinyama. Ultrasaundi na damu zikionyesha dalili za saratani, korodani nzima hutolewa kupitia kinena ndipo ipelekwe maabara, ili seli zisipate njia mpya ya kusambaa. Korodani inayobaki ikiwa nzima, wengi huendelea kuzaa.

5. Baba anaweza kumrithisha binti yake hatari ya saratani ya ovari. Jeni za BRCA1 na BRCA2 zenye hitilafu hutoka kwa mzazi yeyote. Ukiulizwa historia ya familia, wataje na shangazi zako.

6. Dawa moja huzitibu zote mbili. Mwaka 1965, Barnett Rosenberg wa Michigan, Marekani, alipitisha umeme kwa vipande vya platini ndani ya maji yenye bakteria. Bakteria wakaacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi. Kilichowazuia ni kemikali ya platini. Ndiyo sisplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978 kwa saratani ya korodani na ya ovari. Leo saratani ya korodani hupona mara nyingi hata ikiwa imesambaa.

7. Kipimo cha shingo ya kizazi hakigundui saratani ya ovari. Majibu mazuri ya kipimo hicho yasikufanye upuuze dalili za tumboni.

Kijana, zipapase korodani zako kila mwezi baada ya kuoga maji ya moto. Ukikuta kijiuvimbe kigumu, hata kisichouma, nenda hospitali. Dada na mama, tumbo likijaa gesi, ukishiba upesi au ukienda haja ndogo mara kwa mara kwa wiki kadhaa, usiishie kumeza dawa za vidonda vya tumbo. Omba upigwe ultrasaundi. Aibu isikucheleweshe.